Naomba ushauri: breki ya rili ya kuvulia samaki imeganda baada ya safari ya Watamu

Hamjambo wanachama. Niko Umoja hapa Nairobi, na uvuvi niliouzoea ni wa Naivasha, maji yasiyo na chumvi. Januari, msimu wa kaskazi, tulienda Watamu na rafiki yangu tukakodi boti siku moja. Sulisuli tulimwona akiruka kwa mbali tu, ila nguru alinikatia mshipi mara mbili. Meno yale ni msumeno!

Tatizo ni rili, ile ya kukunjia mshipi. Jioni niliipiga maji ya mfereji kwa nguvu nikidhani naiosha, nikaitia mkobani ikiwa bado mbichi, nikarudi Nairobi. Wiki tatu baadaye mkono wa rili unakwaruza ukizungushwa, na breki haiachii uzi hata nikiilegeza kabisa. Nimejaribu mafuta ya cherehani: mkono umelainika kidogo, breki bado. Fundi wa baiskeli wa mtaani yuko tayari kuifungua yote, lakini naogopa vile vispringi vidogo vitapotea.

Je, visahani vya breki husafishwa na kupakwa grisi maalumu, au nivibadilishe tu? Na kwa nguru, waya wa chuma juu ya ndoana uwe na urefu gani? Natamani kurudi kabla ya msimu wa kusi kuanza. Asanteni.