Siku nne Sun City mwezi wa Mei: ninaomba ushauri, mimi na mke wangu tunatoka Arusha

Mwongoza Wageni wa Njiro (Arusha)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mwongoza watalii, ninaishi Njiro, na kwa miaka 16 nimekuwa nikiwapeleka wageni Tarangire, Manyara na Ngorongoro huku mke wangu akibaki kwenye duka lake la vitenge pale soko la Kilombero. Mwezi wa Mei, masika yanapokuwa yamefukuza wageni na magari yote yameegeshwa, tutatimiza miaka 20 ya ndoa, nami nimemwahidi kwamba safari hii sisi ndio tutakaobebewa mabegi.

Mpango wa kwanza ulikuwa Las Vegas, kwa sababu wageni wangu wa Marekani huisimulia mpaka unaziona taa zake, lakini nilipopiga hesabu niliona kwamba kwenda na kurudi kungekula zaidi ya siku mbili, na tofauti ya saa 10 ingetufanya tusinzie mezani. Ndipo tukaielekeza macho Sun City ya Afrika Kusini, ambako Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi.

Ninayotaka kujua ni haya. Je, siku 4 zinatosha, ukitoa zile za kusafiri? Je, mtu ambaye hajawahi kuingia kasino ajitengee fedha kwa utaratibu gani, ikizingatiwa kwamba mke wangu ni mwanakwaya na hatagusa kamari, ila amekubali kuniangalia nikicheza? Na je, mahali penyewe panachangamka kweli katika siku za kazi, au tutajikuta wawili tu na wahudumu?

Mama wa Rau (Moshi)

Shemeji, hongera kwa miaka 20. Mimi na baba watoto tulikwenda mwezi kama huohuo, kwa hiyo nitakueleza tuliyoyaona.

Kwanza ulitoe akilini neno "mji". Sun City ni eneo la mapumziko lenye uzio na geti, lililoko Mkoa wa North West, karibu na Rustenburg, mwendo wa saa 2 hivi kwa gari kutoka Johannesburg, na ukishaingia humo hakuna mtaa wa kutokea kwenda kutafuta chakula cha bei nafuu. Kuna hoteli nne za ngazi tofauti: Cabanas, ambayo ndiyo ya familia na ndiyo nafuu, Soho, Cascades, na The Palace of the Lost City, lile kasri lenye minara lililofunguliwa mwaka 1992. Sisi tulilala Cabanas, tukawa tunakwenda Palace kupiga picha na kunywa chai, maana magari ya ndani huwazungusha wageni kati ya hoteli moja na nyingine.

Kuhusu siku za kazi, nitasema ukweli: Jumatatu na Jumanne usiku palipoa, na kwenye kasino meza kadhaa zilikuwa zimefunikwa. Ijumaa jioni watu wa Johannesburg walipoanza kumiminika, palibadilika kabisa. Kwa hiyo pangeni muingie Alhamisi na kutoka Jumapili au Jumatatu, hata kama vyumba vya mwisho wa wiki vina bei ya juu, kwa sababu uchangamfu ndio mnaoufuata.

Sasa safari. Sisi tulijifanya wajanja. Tiketi ya kuanzia Nairobi ilikuwa na bei ya chini, tukapanda shato (basi dogo la abiria) kutoka Moshi alfajiri, tukapita Namanga, tukafika uwanja wa Nairobi tumechoka hata kabla ya kupaa, na kwa kuwa tiketi na shato ni mambo mawili tofauti, foleni ya mpakani ilitutoa jasho kwa hofu ya kuachwa na ndege. Kwa safari ya siku 4 pandeni KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kwa tiketi moja inayounganisha Nairobi au Addis Ababa, ili ndege ya kwanza ikichelewa wao ndio wawatafutie nyingine. Tukafika Johannesburg, gari tulilokuwa tumelilipia halikuwepo. Dereva alichelewa saa nzima, tukiwa tumekaa juu ya mabegi yetu, akatuambia kwamba kampuni yake iliandika saa za kwetu badala ya za kwao. Kumbuka kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa 1, na kila mnapoandikiana na mtu wa huko, taja ni saa za wapi.

Jambo la mwisho: mke wako asitegemee sana kuogelea. Pale Valley of Waves, kwenye bwawa kubwa lenye ufukwe wa mchanga na mawimbi ya mashine, mwezi wa Mei ni mwanzo wa baridi yao. Baba watoto aliingia hadi magotini, akatoka akidai kwamba amekumbuka simu aliyotakiwa kupiga.

Mhasibu wa Sakina (Arusha)

Nitajibu la fedha tu, maana hayo mengine Mama wa Rau ameyamaliza.

Kaka, kasino haikuibii; inakutoza ada bila kukupa risiti. Chukua ruleti, mchezo wa kukisia namba ambayo kijipira kitaangukia kwenye gurudumu linalozunguka. Gurudumu lenye sifuri moja lina vishimo 37, yaani namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri. Tuseme umeweka randi 10 juu ya kila namba bila kuacha hata moja. Umetoa randi 370, na kijipira lazima kiangukie mojawapo, kwa hiyo umeshinda kwa hakika. Mchezeshaji anakulipa mara 35, yaani randi 350, na ile 10 iliyokaa kwenye namba iliyoshinda inabaki yako. Mkononi una randi 360. Umeshinda, na umepungukiwa na randi 10. Hiyo ndiyo ada, asilimia 2.7, na utaitozwa kwa wastani uleule hata ukiweka kwenye namba moja ya tarehe ya harusi yenu. Lipo pia gurudumu lenye sifuri mbili, vishimo 38, ambapo ungetoa randi 380 na kupokea 360 zilezile, hivyo ada inapanda kuwa asilimia 5.26. Kabla ya kuvuta kiti, litazame gurudumu. Ukiona 00, songa mbele hadi meza nyingine.

Kwenye mashine za kubonyeza, tatizo kubwa ni kasi. Mezani watu wanaweka chipu (vibao vinavyosimama badala ya fedha), wanazungumza, mchezeshaji anasubiri, na saa nzima inapita kwa mizunguko michache. Kwenye mashine kidole hakisubiri mtu. Ukibonyeza mara 10 kwa dakika kwa randi 5, katika saa moja umepitisha randi 3,000, ingawa mfukoni ulikuwa na 500 tu, kwa sababu vijishindi vidogo vinarudi ndani ya mashine ileile na ada inakatwa upya kila vinapopita. Na siku hizi hakuna sarafu zinazomwagika kwenye sinia. Unatumia kadi ya kasino, na namba zinapungua kimya kimya kwenye kioo huku muziki ukikushangilia.

Utaratibu wangu ni wa bahasha. Gawa fedha ya kamari kwa idadi ya usiku utakaocheza, kila usiku bahasha yake, na nyumba ikishalipiwa na ada za shule zikishawekwa pembeni. Shemeji ndiye azishike, maana wewe utakuwa na hoja nzuri sana ifikapo saa 5 usiku. Kadi ya benki ibaki kwenye kisanduku cha chumbani. Ukishinda, ushindi uingie kwenye bahasha nyingine ambayo haifunguliwi mpaka KIA. Weka pia kengele ya simu, kwa kuwa ndani hakuna madirisha wala saa za ukutani, na si kwa kusahau. Pasipoti utembee nayo. Wanaoruhusiwa kucheza ni wa miaka 18 na kuendelea, na wahudumu wanaweza kutaka utambulisho wako.

Mzee wa Shanty Town (Moshi)

Vijana, mmemweleza vizuri, ila hakuna aliyemwambia kwa nini kasino kubwa namna ile ilijengwa porini.

Mwaka 1979, Sol Kerzner, tajiri wa hoteli wa Afrika Kusini, alipoifungua Sun City, kamari ilikuwa imepigwa marufuku Afrika Kusini. Eneo lile lilikuwa ndani ya Bophuthatswana, mojawapo ya vile vijinchi ambavyo utawala wa ubaguzi ulivitangaza kuwa huru na ambavyo hakuna taifa jingine duniani lililovitambua. Kwa kuwa "huru", sheria ya kamari haikufika huko, na watu wa Johannesburg na Pretoria wakawa wanaendesha magari saa 2 kwenda kufanya kule yale waliyokatazwa kwao. Frank Sinatra aliimba pale mwaka 1981, Queen mwaka 1984, na mwaka 1985 wanamuziki wengine wakatoa wimbo wa kuapa kwamba hawatakanyaga. Miaka hiyohiyo sisi tulikuwa na vijana wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakisoma Mazimbu, Morogoro, hivyo kwa umri wangu jina Sun City halikuwa la kwenda kula fungate. Bophuthatswana ilirudishwa Afrika Kusini mwaka 1994, kamari ikahalalishwa nchi nzima miaka michache baadaye, na mwaka 2001 binti wa Nigeria, Agbani Darego, alivikwa taji la Miss World palepale Sun City. Mama yenu hapa nyumbani anaukumbuka usiku ule kuliko anavyokumbuka tarehe yetu ya ndoa.

Ninalotaka kusema kwa bwana wa Njiro ni kwamba tangu kamari iruhusiwe kote, hakuna ulazima wa kwenda Sun City kwa ajili ya kasino. Pembeni kabisa ya uwanja wa ndege wa Johannesburg ipo Emperors Palace, na upande wa Fourways ipo Montecasino, iliyojengwa kama kijiji cha Italia chini ya dari lililochorwa anga, ina sinema, migahawa na ukumbi wa maigizo, na huchangamka hata katikati ya wiki kwa sababu mji wenyewe uko hapo. Kwa siku 4, mtu anayetaka pilikapilika angekaa huko na kuokoa zile saa 4 za barabarani kwenda na kurudi.

Mama wa Rau (Moshi)

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kama safari ingekuwa ya mwanamume peke yake. Lakini mke wa huyu bwana hachezi, na Montecasino atamaliza maduka kwa siku moja, kisha ataanza kuangalia saa. Sun City kuna msitu walioupanda wenyewe kuzunguka lile kasri, kuna njia za kutembea, kuna daraja lenye sanamu za tembo pembeni ambalo kila baada ya muda hunguruma na kutetemeka kama tetemeko la ardhi. Mimi niliruka na kumkumbatia mzungu nisiyemfahamu. Mwanakwaya atapata la kusimulia. Labda usiku mmoja tu wa mwisho walale karibu na uwanja wa ndege.

Mwongoza Wageni wa Njiro (Arusha)

Nawashukuru wote, na shikamoo mzee. Mke wangu amesoma yote, ameipenda sana habari ya bahasha, na ameshanunua bahasha zenyewe. Tumeamua Alhamisi hadi Jumapili Sun City, kisha usiku mmoja kando ya uwanja wa ndege kama alivyoshauri Mama wa Rau. Limebaki swali moja ambalo naona aibu kuliuliza: nasikia hifadhi ya Pilanesberg imepakana kabisa na Sun City. Je, nitakuwa nimerogwa nikilipia safari ya kuona wanyama wakati wa likizo yangu?

Dereva wa Usa River

Hujarogwa, kaka, mimi nilikwenda na sijutii, ingawa nililazimika kuuma ulimi kila mwongozaji alipokosea jina la ndege. Ukitegemea simba na tembo utasema umewaacha nyumbani. Nenda kwa mambo mawili. La kwanza ni miamba: Pilanesberg ni mabaki ya volkano ya zaidi ya miaka bilioni moja, na kilichosalia ni vilima vilivyojipanga duara ndani ya duara. Ngorongoro yetu ni mtoto mchanga mbele yake. Ukisimama juu ya kilima kimoja utaona kreta inavyokuwa baada ya mvua na upepo kuila mpaka mizizi, na hilo ni jambo ambalo unaweza kuja kuwaeleza wageni wako pale ukingoni mwa Ngorongoro. La pili ni fisi wa kahawia, mwenye manyoya marefu mabegani, ambaye Tanzania hatuna. Faru weupe nao wapo, lakini hao tangu mwaka 2025 tumeletewa wa kwao pale kreta, kwa hiyo si sababu tena.

Chukua safari ya alfajiri, si ya jioni, ili usiku wako ubaki huru kwa bahasha. Gari liko wazi pembeni na asubuhi ya Mei huko ni baridi ya Karatu ya mwezi wa Julai. Mke wako abebe koti zito na kitenge kimoja cha kujifunika magotini, maana blanketi wanazogawa ndani ya gari huwaishia walioketi mbele.