Nimepunguzwa kazini baada ya miaka mitano ya AngularJS: nilipie kozi au kodi?

BintiSinza

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, nina uamuzi wa kufanya kabla ya Ijumaa.

Nina miaka 29, naishi Sinza. Kwa miaka mitano nimetengeneza skrini za mfumo wa mauzo wa kampuni moja hapa Dar, zote kwa AngularJS, zana ya Google ya kutengenezea kurasa za wavuti. Google walipoacha kuihudumia mwishoni mwa 2021 tuliambiwa tutahamia kitu kipya. Hatukuhama. Mwezi uliopita kampuni imenunua mfumo uliotengenezwa tayari, na saba tumepewa barua.

Mkononi nina 2,400,000. Kodi ya miezi sita ni 1,200,000, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mwezi mmoja mmoja. Kuna kozi ya akili mnemba ya wiki kumi na mbili, 1,800,000, punguzo linaisha Ijumaa. Wenzangu wanasema nisipoingia sasa nimeachwa. Kila tangazo la kazi ninalofungua linataka kitu nisichokijua. Nyie mliodumu kwenye fani hii, mmedumu vipi?

MzeeWaDishi

Pole sana mdogo wangu. Lipa kodi. Ukishakuwa na uhakika wa pa kulala, endelea kusoma.

Nilianza 2003 kufunga madishi ya intaneti ya setilaiti, Morogoro mpaka Mbeya. Dishi la mita 2.4 unalielekeza kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukikosea kidogo tu hupati kitu. Ujumbe kutoka kafe ya Iringa kwenda Ulaya na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde, na mvua kubwa ikishuka mawasiliano yanakatika. Nilikuwa fundi hasa, nilitafutwa. Julai 2009 kebo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM, ikawashwa, mwaka uliofuata ikaja nyingine, EASSy. Faiba ilivyozidi kusogea bara, wateja wakahama mmoja mmoja. Mwaka 2011 nikawa nyumbani, mtoto wa pili ana miezi minne.

Nilikuwa na daftari. Kila nilikokwenda niliandika tarehe, mteja alilalamika nini, mimi niliona nini, nilifanya nini. Nilianza kwa sababu bosi wangu alidai maelezo ya nauli, basi nikazoea. Nilipoitwa kwenye usaili wa benki moja waliniuliza tawi lao likipoteza mtandao kila siku saa nane mchana nitaanzia wapi. Nikawaambia nitaanza na umeme. Makambako niliwahi kukuta jirani akiwasha mashine ya kusaga, umeme unashuka, modemu inajizima na kuwaka upya. Hakuna aliyeniuliza tena habari za madishi.

Dishi lilikuwa chombo tu. Chini yake palikuwa na anwani za mtandao, njia ambazo data inapita, namna ya kusoma kumbukumbu za ruta, na umeme. Hayo nayatumia mpaka leo. Na wewe, chini ya AngularJS kuna HTTP, yaani kanuni za kivinjari kuzungumza na seva, kuna hifadhidata na SQL, lugha ya kuiuliza, kuna seva inayoendeshwa na Linux. Linux ipo tangu 1991, SQL ina umri karibu na wangu. Hizo zisomee nyumbani kwa laptopu uliyonayo, gharama ni bando. Usiku huu chukua karatasi, andika hitilafu zote unazozikumbuka kwa miaka mitano, na chanzo cha kila moja. Usiandike ulitumia nini, andika kilichokuwa kimeharibika.

Nyongeza kidogo. Mei 12, 2024, Jumapili, SEACOM na EASSy zilipokatika pamoja, ofisini walikuwa wanatafuta mtu anayejua dishi la akiba linaelekezwa wapi.

Mjaribu_Nairobi

Dada pole. Mimi huku Nairobi kazi yangu ni kujaribu mifumo ya malipo kabla haijamfikia mteja. Nakubaliana na mzee, ila sikuogopeshi uache akili mnemba. Mimi naitumia kila siku. Wiki jana iliniandikia jaribio zuri sana la malipo, likapita, na halikuangalia salio hata mara moja. Niliona kwa sababu nishakutana na mteja aliyekatwa mara mbili: mtandao umechelewa, jibu halijarudi, amebonyeza tena. Dawa yake ni kila ombi libebe namba yake, likija la pili lenye namba hiyohiyo seva ilikatae.

Skrini zako za mauzo zilikuwa na malipo? Ulilishughulikiaje hilo? Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye wasifu. Kwenye usaili tukisikia hadithi kama hiyo tunaacha kuangalia karatasi.

BintiSinza

Asanteni sana. Nimempigia mwenye nyumba, kesho nampelekea hela yake. Kozi nimewaambia hapana.

Nimeandika hitilafu kumi na tatu, nimekaa mpaka saa saba usiku. Ya nane imenitoa jasho. Duka la dawa linalokesha lilikuwa linalalamika mauzo ya usiku yanaingia tarehe ya jana. Nilitibu kwenye skrini kwa kuongeza saa tatu, kila ripoti mpya naongeza tena, miaka miwili. Leo nikiandika chanzo nimeshindwa kuandika "skrini". Seva ilikuwa inahesabu saa za Greenwich, iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo chochote kilichouzwa kabla ya saa tisa usiku kilihesabiwa cha jana. Mzee, hiyo nayo naiweka, wakati niliitibu vibaya?

MzeeWaDishi

Iweke ya kwanza. Na iandike hivyohivyo ulivyotuandikia, pamoja na ile miaka miwili.