Kazi za nyumbani zisiingizwe kwenye alama za muhula: tujadili

Mleta mada
Wadau wa elimu, salaam. Naweka hoja yangu wazi mapema ili anayepinga ajue pa kushika. Kazi za nyumbani zitolewe, zisahihishwe na zirudishwe zikiwa na maelezo. Ila kwenye alama za muhula zisihesabiwe hata kidogo.

Chukueni mwanafunzi aliyepata 82, 86 na 90 katika majaribio matatu ya hesabu. Wastani wake ni 86. Kazi moja ya nyumbani hakuirudisha, akapewa sifuri yenye uzito sawa na jaribio. Wastani unaporomoka hadi 64.5. Mzazi akisoma ripoti ataamini mwanawe anasuasua kwenye hesabu, kumbe hesabu anaiweza vizuri na shida yake ni kutokurudisha daftari. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake. Ukiyachanganya kwenye tarakimu moja, hakuna litakalotibiwa. Ripoti iwe na safu mbili: moja ya anachokijua, nyingine ya bidii na kurudisha kazi kwa wakati.

Halafu tujiulize anayepimwa ni nani. Kazi ya nyumbani haina msimamizi. Mwenye kaka aliyesoma anaelekezwa mpaka anapata 10 kwa 10. Anayelea wadogo zake jioni nzima anaandika alichoweza, anapata 4. Na sasa kuna programu za akili mnemba zinazoandika insha nzima kwa sekunde chache. Hiyo alama tunamwandikia nani?

Mwalimu wa hesabu
Mleta mada, hesabu yako ya wastani siipingi. Mwalimu anayetoa sifuri ya namna hiyo anakosea. Lakini siku nikitangaza darasani kwamba kazi haihesabiwi, baada ya wiki mbili nitakuwa nakusanya daftari za wale wale wachache ambao wangefanya hata bila kuambiwa. Mtoto wa miaka 13 hafanyi mazoezi kwa ajili ya mtihani ulio miezi miwili mbele, anafanya kwa ajili ya alama ya Ijumaa.

Na mazoezi yana faida, tusijidanganye. Mwaka 2006 Harris Cooper na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti nyingi za Marekani kuhusu kazi za nyumbani. Uhusiano wake na ufaulu ulikuwa na nguvu zaidi kwa wanafunzi wa darasa la saba kwenda juu, na kwa wadogo ulikuwa dhaifu. Mimi nafundisha hao wakubwa. Asilimia 10 tu ya alama inatosha kuwafanya washike kalamu.

Mleta mada
Mwalimu, heshima yako. Nami nasahihisha daftari, na hofu yako naielewa. Lakini hiyo asilimia 10 ndiyo inayowafundisha kunakili. Niliwahi kufungua daftari tano mfululizo, zote mstari wa tatu umesahau alama ya kutoa, na zote jibu la mwisho ni sahihi. Ukikosea hapo kweli, jibu haliwezi kutoka sawa. Mmoja alikopi vibaya kutoka mahali fulani, wanne wakamfuata. Wote walishika kalamu kama unavyotaka, na sidhani kama kuna aliyejifunza kitu.

Wahesabie kitu kingine. Asubuhi, daftari zikiwa zimefungwa, toa maswali mawili yanayofanana na ya jana, dakika tano. Hiyo alama iingie kwenye ripoti. Aliyefanya kazi yake atayaona mepesi, aliyenakili atajulikana bila kugombezwa. Tena kujipima kwenyewe kunajenga kumbukumbu: wanasaikolojia Roediger na Karpicke mwaka 2006 walionyesha kwamba waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokirudia kukisoma.

Mzazi
Mnabishana alama, mimi nalia na wingi. Kila mwalimu anatoa yake bila kujua mwenzake katoa nini. Kuna kanuni inayotumika na shule nyingi Marekani ya dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza 10, la nne 40, na hizo ni kwa masomo yote kwa pamoja. Wangu yuko la nne na saa mbili hazimtoshi. Kisha daftari linarudi na tiki na 7/10. Nimsaidie wapi, kwenye hizo tatu zilizopotea? Simwoni mwalimu akisema chochote.

Mleta mada
Dada, umegusa penyewe. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wa wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli. Kundi moja lilipewa maelezo tu, jingine alama tu, la tatu vyote viwili. Waliopewa maelezo peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi kazi zilizofuata. Waliopewa vyote viwili hawakunufaika hivyo, kwa sababu mtoto akishaona namba, maneno hayasomi. Naamini hilo kuliko hoja zote nilizotangulia kuzitoa.

Mwalimu wa hesabu
Maelezo kwenye daftari 45, mara tatu kwa wiki? Nitasahihisha mpaka usiku wa manane.

Mleta mada
Si zote. Toa maswali manne badala ya kumi na mbili, kusanya daftari 15 kwa zamu, andika sentensi moja inayosema kosa lilianzia mstari gani. Wengine wasahihishe wenyewe kwa majibu ya ubaoni.

Mwalimu wa hesabu
Daftari 15 naweza, na maswali mawili ya asubuhi nitaanza nayo. Ila hiyo safu ya bidii, anaijaza nani? Ikiachiwa mwalimu wa darasa, ataandika "anajitahidi" kwa wote.

Mleta mada
Kila mwalimu wa somo aijaze ya somo lake. Mwalimu wa darasa hawezi kujua nani hakurudisha daftari la hesabu.