Mzee aliyechimba kaburi bila kumwonea huruma mfiwa: alikuwa na huruma au hana?

Mleta mada, Tengeru

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo linanisumbua tangu Jumamosi, naomba tulijadili bila matusi.

Jirani yangu alifiwa na mama yake. Kikundi chetu cha kuzikana kina utaratibu wake: kila kaya elfu kumi, kilo mbili za mchele, na mtu mmoja wa kuchimba kaburi. Daftari nashika mimi. Sasa yupo mzee mmoja ambaye na huyu mfiwa mwaka wa nne huu hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba, pale penye migomba kando ya mfereji. Nilijua atalipa faini abaki kwake. Saa kumi na mbili asubuhi nikamwona anakuja, sululu begani. Mwanawe yuko Dar, kwa hiyo kaja mwenyewe, na miaka yake sitini na ushee. Ardhi ya huku ukishapita futi tatu unakutana na mawe, tukawa tunayang'oa kwa mtaimbo. Tulipopumzika nikamtania, "Kumbe mzee wetu una huruma hivi!" Akavua kofia, akajifuta nayo jasho, akanijibu: "Huruma ya nini? Yule simwonei huruma hata punje. Ila mama yake amekufa, na kaburi halijichimbi."

Nimeshindwa kulitoa neno hilo kichwani.

Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba wema huanzia moyoni: uuone uchungu wa mwenzio kama wako, ndipo mkono uende mfukoni. Mimi naanza kuwa na shaka. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sasa kama hakuna anayeijua isipokuwa maiti, anayengoja kwanza ahisi kama mfiwa si atangoja mpaka arobaini ipite?

Tena moyo una upendeleo. Mwaka 1995 huko Marekani, Daniel Batson na wenzake waliwasikilizisha watu mahojiano ya mtoto wa kike wa miaka 10, mgonjwa sana, aliyekuwa kwenye orodha ya wanaosubiri msaada. Walioambiwa wajitahidi kuhisi anavyohisi yule mtoto, wengi walitaka arushwe mbele ya foleni, awapite wenzake wenye hali mbaya kuliko yeye. Mwanasaikolojia Paul Bloom naye alitoa hoja ya namna hiyo mwaka 2016: hisia ni kama tochi, inamulika mmoja na kuwaacha wengine gizani. Mimi na daftari langu nawaelewa kabisa. Daftari halijui nani analia vizuri.

Msimamo wangu: kuumia pamoja na mtu si sharti la kumtendea huruma. Nawasilisha.

Chalii wa Kijenge

Mkuu, huyo mzee anaogopa siku yake ikifika akose wachimbaji. Hiyo ni bima, usiipambe.

Mleta mada

Faini ya kutochimba ni elfu tano, chalii wangu, na akilipa jina lake linabaki safi daftarini. Hakulipa.

Muuguzi, Moshi

Nakaribia kukuunga mkono, kaka. Nina miaka 14 wodi ya watoto. Nilipoanza nilikuwa nalia na kila mama. Usiku mmoja akaletwa mtoto wa miezi minane, kuhara na kutapika, macho yamezama, mishipa imelala kabisa. Mama yake alikuwa ameshika pembe ya mtandio anaitafuna. Mimi nikawa namwangalia yeye badala ya mkono wa mtoto, nikachoma mara tatu, sindano inatetemeka. Tulikuwa na dada mmoja tuliyekuwa tukimsema kwamba ana roho ngumu. Akanisogeza kwa kiwiko bila neno, akanyoa kidogo pembeni ya kichwa, mshipa ukapatikana mara moja, dripu ikaanza kushuka. Ndipo akamgeukia yule mama, akamwambia, "Kaa hapa, mwekee mkono tumboni."

Nimewahi kusoma kwamba Olga Klimecki na Tania Singer, watafiti wa Ujerumani, waliwafundisha watu kuhisi mateso ya wengine kisha wakawaonyesha video za watu wenye shida. Walizidi kuelemewa. Baadaye wakafundishwa kitu kingine, kumtakia mema anayeteseka bila kuubeba uchungu wake, na nguvu zikarudi. Hata sehemu za ubongo zilizofanya kazi zilikuwa tofauti. Nikamkumbuka yule dada. Nilimwita mwenye roho ngumu miaka yote ile, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nashughulika na machozi yangu.

Mama wa Pasua

Nyote mnaongea kama watu ambao hawajasaidiwa.

Mimi nimesaidiwa. Mume wangu alipolazwa na mimi nina kichanga, kuna watu walinijia na unga na sukari. Mambo yao yote yalikuwa kwa utaratibu, na daftari walikuwa nalo. Wakanisimamisha mlangoni nishike mfuko wa unga wanipige picha, kifua kimelowa maziwa, kanga nimeifunga ovyo. Unga tulikula, sikatai. Mpaka leo nikiukumbuka ule mlango nasikia joto usoni.

Kesho yake akaja jirani, mikono mitupu. Akanichukulia mtoto, akasema, "Nenda kaoge." Hilo tu. Nilikuwa na siku ya tatu sijaoga vizuri na hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na asiyejua walipo kunguni atakuletea neti. Daftari lingejuaje kwamba ninachohitaji ni maji ya moto na robo saa?

Mwanafunzi wa theolojia, Usa River

Naongeza kidogo, na ni aibu kwetu. Mwaka 1973 Batson huyohuyo na John Darley waliwatuma wanafunzi 40 wa theolojia kule Princeton waende jengo la pili kutoa hotuba. Baadhi yao hotuba ilikuwa juu ya Msamaria Mwema. Njiani kulikuwa na mtu ameinama, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wamechelewa, aliyesimama ni mmoja kati ya kumi. Wasio na haraka, zaidi ya nusu walisimama. Siamini kwamba waliopita wote hawakuwa na moyo. Walikuwa na ratiba.

Chalii wa Kijenge

Nabadilisha gia. Mei 2017, ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu: watoto 32, walimu wawili na dereva. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, hapa Arusha, ulijaa watu waliokuwa hawajui hata jina la mtoto mmoja. Nani aliwaita kwa daftari? Ulikuwa moyo mtupu. Ukiua hisia, siku kama ile mji unakaa kimya.

Mleta mada

Chalii, nilikuwepo uwanjani na nililia. Lakini madereva wa bodaboda wanaovunjika miguu mmojammoja mwaka mzima hawana uwanja, na hapo ndipo ninapolitetea daftari.

Mama wa Pasua, umenibana vizuri, na neno lako nalichukua: kaburi linajulikana lilivyo, ila shida za nyumbani hazifanani. Naomba kukuuliza kitu. Huyo jirani aliyemchukua mtoto, alikuuliza unataka nini?

Mama wa Pasua

Hakuuliza. Wa kwake alikuwa na miezi mitano.

Muuguzi, Moshi

Hapo dada yangu sina la kusema.

Chalii wa Kijenge

Na mpaka wa shamba umeishia wapi?

Mleta mada

Uko palepale. Jana mfiwa alimpelekea mzee mkungu wa ndizi kumshukuru. Mzee ameupokea kwa mikono miwili, halafu akauliza umekatwa upande gani wa mfereji.