Naomba ushauri: fetch inaniletea HTML badala ya JSON

Wakuu, habari za kazi. Nina faili data.json (data iliyoandikwa kwa muundo wa JSON) ndani ya folda ya src, yenye msimbo wa programu, pembeni kabisa ya komponenti yangu ya React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa za wavuti. Nikiliita kwa fetch (amri ya JavaScript ya kuomba data kutoka seva), konsoli ya kivinjari inalalamikia alama ya "<". Nimechungulia jibu lenyewe: linaanza na <!doctype html>, yaani seva inanirudishia index.html, ukurasa mkuu wa programu!

Nikitumia import (kuliingiza faili moja kwa moja ndani ya msimbo) linasomeka vizuri, ila data yote inafungwa pamoja na msimbo, na faili lina MB 6 na hubadilika kila wiki. Kujenga upya programu kila mara kunachosha mno.

Je, nilihamishie folda ya public, ambayo faili zake hutolewa na seva kama zilivyo, na kuliita "/data.json"? Na fetch ikae ndani ya useEffect (sehemu ya React ya kuendesha msimbo baada ya komponenti kuonyeshwa), au mnafanyaje wenzangu? Siku ya pili hii nimekwama.