Naomba ushauri: maombi ya alfajiri yananishinda, na kazi nayo inazorota

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza Mbagala, na familia ya watoto wawili. Tangu Januari nimejiwekea kuamka saa kumi alfajiri niombe saa nzima, nikishika ile Marko 1:35, Yesu alipoamka alfajiri na mapema akaenda kuomba. Wiki mbili za kwanza nilifurahi sana. Sasa napiga magoti kando ya kitanda, nikija kushtuka ni saa kumi na mbili, mikunjo ya shuka imejichora shavuni, na sikumbuki niliishia wapi.

Mchana ndiyo balaa. Nasinzia kwenye cherehani. Juzi nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia, tena kwenye sare ya kwaya! Mteja ambaye kitambaa chake kina wiki ya tatu kwangu akaniuliza, "Mlokole gani wewe, kila siku njoo kesho?" Nilikosa jibu. Wakolosai 3:23 naijua, ile ya kufanya kila kazi kwa moyo kama kwa Bwana.

Nimejaribu kulala mapema, lakini wateja wengi huja jioni wakitoka kazini. Daftari la maombi limesaidia kidogo. Kuomba huku nashona kumenishinda: nikizama, mshono unapinda.

Danieli aliomba mara tatu kwa siku, naye alikuwa na kazi ya serikali. Je, nikiigawa saa yangu, dakika 20 asubuhi, mchana na jioni, nitakuwa nimelegea kiroho? Na nyie wenye kazi za mikono, mchana mnajitengaje na wateja bila kufunga kibanda?