Rekodi ya kura za Bernie Sanders kuhusu bunduki: wanafunzi waisomeje?

Mwalimu wa Moshi aliandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha Uraia katika shule moja ya sekondari hapa Moshi, na Ijumaa wanafunzi wangu watakuwa na mdahalo kuhusu iwapo mwanasiasa apimwe kwa kura zake bungeni au kwa hotuba zake. Mfano walioamua kuutumia ni wa Seneta Bernie Sanders wa jimbo la Vermont, Marekani, na suala la udhibiti wa bunduki. Upande mmoja umeandika kwamba ni mtetezi wa bunduki, kwa kuwa aliukataa muswada wa Brady mwaka 1993 na mwaka 2005 akaunga mkono sheria ya kuwakinga watengenezaji wa silaha dhidi ya mashtaka. Upande wa pili umeandika kwamba ni mpinzani wa bunduki, kwa kuwa aliunga mkono marufuku ya silaha za mtindo wa kivita mwaka 1994 na tena mwaka 2013. Nimekagua, na kura zote nne ni za kweli. Nifanyeje ili vijana hawa wasiishie kurushiana miaka tu?

Mkazi wa Njiro alijibu:

Shikamoo Mwalimu. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuuliza alipiga ndiyo au hapana, vijana waulize muswada wenyewe ulisema nini. Sheria ya Brady, iliyopewa jina la msemaji wa Rais Reagan aliyejeruhiwa kwa risasi mwaka 1981, ilimtaka mnunuzi wa bastola asubiri siku 5 ili historia yake ihakikiwe. Sanders hakukataa wazo la uhakiki. Alichokipinga ni muda huo wa kusubiri kuwekwa na serikali ya shirikisho, akitaka jambo hilo liachiwe majimbo. Vermont ni jimbo la vijijini lenye wawindaji wengi, na wakati ule sheria zake za bunduki zilikuwa chache mno. Tena mtu aliyemshinda Sanders mwaka 1988 katika kugombea kiti cha Vermont kwenye Baraza la Wawakilishi, Peter Smith, aligeuka akaunga mkono marufuku ya silaha za kivita, chama cha wamiliki wa bunduki cha NRA kikampiga vita, na mwaka 1990 Sanders akakichukua kiti hicho. Hakuna mbunge anayesahau jambo kama hilo anapoitwa kupiga kura.

Jambo la pili ni utaratibu wa kikao, kwa sababu kura moja inaweza kumdanganya msomaji asiyeufahamu. Tarehe 17 Aprili 2013, miezi michache baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, pendekezo la kupanua uhakiki wa wanunuzi lilipata kura 54 dhidi ya 46 katika Seneti, likaanguka kwa kuwa zilihitajika 60. Miongoni mwa hizo 46 imo kura ya Harry Reid, kiongozi wa upande uliolitaka pendekezo hilo. Alihamia upande wa hapana kwa sababu kanuni zinamruhusu aliyekuwa upande ulioshinda kuomba suala lirudishwe tena. Mwanafunzi atakayesoma orodha peke yake atamwandika Reid kuwa mpinzani, na atakuwa amekosea kabisa. Siku hiyo Sanders alipiga ndiyo.

Mama wa Majengo alijibu:

Nakubaliana na ndugu wa Njiro kuhusu Brady, lakini naomba kura ya 2005 isifunikwe kwa maelezo ya mazingira. Ni kweli kwamba sheria ile iliacha milango kadhaa ya kushtaki, kwa mfano silaha yenye kasoro au muuzaji anayevunja sheria, na ni kupitia mlango wa namna hiyo kwamba familia za Sandy Hook zilifikia makubaliano ya dola milioni 73 mwaka 2022 na kampuni za bima za mtengenezaji. Hata hivyo, kwa wafiwa wengine wengi milango mingine yote ilifungwa, na kura ya Sanders ilisaidia kuifunga. Mwaka 2016, alipokuwa akiwania kuteuliwa kugombea urais, alijiunga na waliotaka sheria hiyo ifutwe. Mimi ni mzazi, na sioni vibaya mtu kubadilika. Ila tarehe ya kubadilika kwake nayo ni sehemu ya rekodi, na vijana waiandike pamoja na kura yenyewe.

Msomaji wa Hansard, Arusha, alijibu:

Mwalimu, huenda ugumu wa wanafunzi wako unatokana na yale wanayoyaona Dodoma. Kwetu Spika huwahoji wabunge, wanaoafiki husema ndiyo, wasioafiki husema siyo, kisha hutangaza walioshinda. Ukitaka kujua mbunge fulani alisema nini wakati Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilipochukua nafasi ya ile ya 1991, utaupata mchango wake katika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, iwapo alisimama kuchangia, lakini jibu lake katika zile sauti za pamoja hutalipata. Bajeti ndiyo inayopigiwa kura kwa kuitwa jina moja moja. Nawashauri vijana waanze kwa kueleza tofauti hii, kwani hoja ya kumpima mtu kwa kura zake inahitaji kwanza kura zenye majina.

Mwalimu wa Moshi aliandika:

Nawashukuru sana, na Mama wa Majengo umenigusa. Nimeamua kila upande upewe kura zote nne pamoja na ile ya mwaka 2022, Sanders alipounga mkono sheria ya usalama wa bunduki iliyopita Seneti kwa kura 65 dhidi ya 33. Kwa kila kura wataandika muswada ulitaka nini, kizingiti kilikuwa kura ngapi, na ni nani jimboni aliyekuwa akimtazama. Kesho asubuhi nitabandika karatasi hiyo ubaoni kabla ya kipindi cha kwanza.